Bomba Lisilokua Pamoja na Mtoto

Mtoto wa Mombo anayechuchumaa kila akimbiapo kidogo, midomo ikigeuka samawati, huenda akaitwa mvivu. Mwalimu asiharakishe kumhukumu. Yawezekana damu yake haifiki mapafuni ipasavyo.

Katika baadhi ya hitilafu za moyo za kuzaliwa nazo, njia itokayo chumba cha chini cha kulia kwenda mapafuni huwa imeziba, au haikuumbika kabisa. Mwaka 1966 Donald Ross, huko London, aliiunga njia hiyo kwa kipande cha mshipa mkuu chenye vali, kilichotolewa kwa maiti. Miaka michache baadaye Giancarlo Rastelli wa Mayo Clinic, Marekani, alibuni upasuaji unaoitwa kwa jina lake hadi leo. Vali hiyo huiruhusu damu kwenda mbele, ikaizuia kurudi.

Lakini bomba hilo halikui. Mtoto hurefuka, moyo nao hupanuka, lenyewe likabaki vile vile. Aghalabu hukakamaa kwa chokaa na kuwa jembamba. Aliyetiwa akiwa mdogo atahitaji jingine, pengine zaidi ya mara moja.

Tangu 2015 Tanzania inayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, habari za magazetini huishia siku mtoto anapotoka hospitalini. Nauli ya basi kutoka Mombo kwenda kupimwa tena yapasa ihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu, sawa na uzi wa mpasuaji. Mzazi akiikosa, bomba huweza kuziba kimya kimya, huku mtoto akionekana mzima uwanjani.