Hamira Si Moja

Juma lililopita nilipitia Gikomba kununua shati. Mchuuzi alifungua robota mbele yangu, akachambua nguo upesi: hizi za daraja la kwanza, zile za kuuzwa kwa bei ya kutupa. Vidole vyake vilimtosha. Hatua chache kutoka pale, mama mmoja aliagiza flukonazoli dukani kwa sauti ya chini. Alisema hiyo ilikuwa mara ya nne, na mwasho haujamwacha. Akauziwa vidonge vile vile. Hakuulizwa iwapo amepimwa.

Yaani nguo kuukuu zachambuliwa kwa makini kuliko maradhi ya mtu?

Wanafunzi wanaijua hamira ya mandazi. Hamira ziletazo maradhi ni jamaa zake, nazo ni aina nyingi. Candida albicans, iliyo ya kawaida, aghalabu hushindwa na flukonazoli. Candida krusei huistahimili dawa hiyo kwa maumbile yake. Chini ya darubini zaweza kufanana. Hata hivyo, kuzitenganisha si uchawi. Chembe zikitiwa katika seramu ya damu kwenye joto la nyuzi 37, albicans huchipua kama kunde iliyolowekwa kwa muda wa saa mbili au tatu. (Candida dubliniensis nayo huchipua, kwa hiyo mpimaji asikomee hapo. Wala walimu wasijaribu kuziotesha darasani!) Ipo pia lishe ya maabara ambayo juu yake albicans huwa kijani na krusei huwa waridi.

Mashine nazo hukosea. Candida auris ilielezwa mara ya kwanza mwaka 2009, kutoka sikio la mgonjwa wa Tokyo. Hapa Nairobi, katika hospitali moja kubwa, ilikuwa tayari imo katika damu ya wagonjwa miaka michache tu baadaye, huku mashine ikiiita Candida haemulonii. Kosa hilo si dogo, kwani auris hustahimili dawa kadhaa na huenea wodini kutoka kitanda hadi kitanda. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la kuvu hatari zaidi.

Kwa hiyo naiomba Kaunti ya Nairobi, kabla ya kuzindua jengo jingine la hospitali, ihakikishe kwamba maabara za mitaa ya Eastlands zina seramu, lishe hiyo ya rangi na wapimaji wa kutosha. Jibu la "hamira imeonekana" halimwongozi daktari.

Yule mama nilimkuta tena kituoni akingoja matatu. Nilitaka kumwambia akapimwe. Nikaona haya, nikanyamaza.