Kolwezi: Msalaba mwekundu ukutani si barua ya kuhamisha watu

Katika Cité Gécamines ya Kolwezi, kuna wakaaji waliojua kwamba nyumba zao zitabomolewa siku walipoona msalaba mwekundu umepakwa ukutani. Ndivyo walivyoeleza katika ripoti ya Amnesty International na shirika la IBGDH, iliyotoka Septemba 2023. Hakuna mtu aliyeketi nao kwanza akawaambia lini wataondoka, kwa bei gani, na watalala wapi.

Cité hiyo ina watu karibu 39.000. Si kambi ya juzi. Ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi: nyumba za vyumba vingi, maji, umeme, shule na hospitali karibu. Mwaka 2015 kompani ya COMMUS, ambayo Zijin ya China ina sehemu kubwa na Gécamines sehemu ndogo, ilianza tena kuchimba shaba na kobalti pembeni ya nyumba hizo. Tangu hapo shimo linasogea na mtaa unarudi nyuma.

Viongozi wanapenda kusema kwamba Kolwezi ilizaliwa na mgodi, basi watu wavumilie mgodi. Ni kweli mji ulizaliwa na mgodi. Lakini waliochimba ule mgodi wa zamani ndio baba na babu za hawa wanaofukuzwa leo, na nyumba zilikuwa sehemu ya jasho lao. Mtoto hafukuzwi nyumbani kwa sababu baba yake ndiye aliyeijenga.

Sheria inasema nini? Katiba, kifungu cha 34, inataka fidia ya haki itolewe KABLA mtu hajanyang'anywa mali yake. Kifungu cha 48 kinataja haki ya makao bora, maji safi na umeme. Sheria ya migodi nayo hairuhusu kompani kukaa kwenye ardhi iliyo chini ya metre 180 kutoka nyumba za watu bila mwenyewe kukubali. Na kanuni ya migodi ya mwaka 2018 ina sehemu nzima juu ya namna ya kuhamisha jamii na kuipatia makao mapya. Kinachokosekana Lualaba si sheria. Kinachokosekana ni kiongozi wa kumwambia mwenye kompani: rudi nyuma metre 180, halafu tuongee.

Badala yake watu wanapewa pesa mkononi. Hapo ndipo ujanja ulipo. Dola elfu kadhaa zinaonekana nyingi siku ya kwanza, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kuzishika kwa pamoja. Akienda kutafuta nyumba ya vyumba vilevile, yenye bomba la Regideso na waya wa SNEL, anakuta bei imempita. Anaishia kununua kiwanja pembezoni mwa mji, anajenga vyumba viwili, anachota maji mbali, na watoto wanatembea saa nzima kwenda shule. Waliohojiwa katika ripoti ile walisema hivyo: fidia haikutosha kununua nyumba kama ile waliyoacha. Na mpangaji je? Fidia ya nyumba inakwenda kwa mwenye nyumba. Familia iliyokodi chumba, pengine iliyokimbia vita vya Kasai mwaka 2016 na 2017, inabeba magodoro yake na kuanza kuuliza mlango kwa mlango, katika mji ambao kila mtaa unaobomolewa unapandisha kodi ya mtaa wa jirani.

Wakaaji wa Kasulo walikwisha kuyaona haya. Mwaka 2014 mtu mmoja alichimba kwenye parseli yake akakuta kobalti, na baada ya muda mfupi watu walikuwa wanachimba mpaka chini ya vitanda vyao. Ilikuwa hatari, hakuna wa kubisha. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ilihamisha familia za sehemu moja, eneo likazungushiwa ukuta, na haki ya kununua madini ikapewa kompani moja tu, Congo Dongfang Mining. Mtaa uligeuka mgodi kwa uamuzi wa ofisi.

Wanaobaki wana mateso ya kila siku ambayo ofisi zinayaita mambo madogo. Baruti inapasua ukuta. Vumbi linaingia kwenye sufuria. Kamio zinazoelekea Likasi na Kasumbalesa zinasimama kandokando ya barabara, na mtoto anapita kati ya magurudumu ili afike shuleni. Muuza mandazi akiweka meza yake barabarani anafukuzwa asubuhi hiyohiyo, na faini juu. Kamio ya tani thelathini haina wa kuifukuza. Mtu hajui acheke au alie.

Wengine watajibu kwamba mji hauna pesa ya kujenga parking ya kamio wala nyumba za watu. Jibu hilo halisimami. Kwa sheria ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, kila dola 100 za ushuru wa madini zinagawanywa hivi: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini au sekta inayochimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kompani inapaswa tena kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Kobalti, tangu itangazwe madini ya mkakati mwaka 2018, inalipiwa ushuru wa asilimia 10. Mji uliokaa juu ya utajiri kama huu hauwezi kudai umekosa uwanja wa kuegeshea kamio.

Basi viongozi wa jimbo, meya na wakubwa wa komini za Dilala na Manika wana kazi ya kufanya kabla msalaba mwingine haujapakwa. Wabandike mlangoni mwa komini bei ya fidia kwa kila metre na kila chumba, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Wabandike pembeni yake hesabu ya zile 15. Nyumba mpya zisimame, maji yatoke, ndipo ya zamani ibomolewe. Na mpangaji aandikwe kwenye orodha kwa jina lake, si kwa jina la mwenye nyumba.

Karatasi hizo zinagharimu kidogo kuliko kopo moja la rangi nyekundu.