Simu ya intaneti dukani: kabla hujalipa, uliza anwani ni ya nani

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea kitu ambacho wauzaji wa vifaa hawatuambii, na kwa kweli wanatukosea.

Mimi nauza senene na kahawa mtandaoni, nipo Kashai hapa Bukoba. Wateja wangu wengi wako Dar na Mwanza. Msimu wa senene uliopita nikanunua simu ya mezani ya intaneti, ile unachomeka kwenye ruta, ili mteja apige namba ya duka na siyo namba yangu binafsi. Ruta ni ya laini, tunachangia bando watu watatu: mimi, dada wa saluni na jamaa wa stationery.

Siku ya kwanza tu mama mmoja wa Dar akapiga. Yeye ananisikia, mimi simsikii. Nasema "haloo, haloo" kama chizi, akakata. Jioni akanitumia meseji kwamba makopo 20 ameshachukua kwa mtu mwingine. Fundi akasema simu mbovu, ninunue nyingine. Nusura ninunue!

Simu ilikuwa nzima. Shida ni anwani. Anwani za intaneti za IPv4 ni kama bilioni 4.3 dunia nzima, hazitoshi, ndo maana tunachangia. Ni kama wale wazee wetu waliotumia sanduku la posta la parokia. Ukituma barua, karani anaandika kwenye daftari: jibu likija ni la huyu. Sasa simu yangu ndani ya barua ilikuwa inaandika "sauti nitumie chumba namba 3". Mtu wa Dar chumba namba 3 atakijulia wapi? Sauti yangu inafika, yake inapotea njiani. Halafu karani ni msahaulifu, ukikaa kimya kidogo anafuta jina lako. Ndo maana baada ya muda simu ilikuwa haiiti kabisa mteja akipiga.

Wapo watakaokuambia ufungue poti kwenye ruta. Kwa ruta za laini mara nyingi ni kazi bure, kwa sababu mtandao wa simu nao umeweka karani wake juu ya karani wako. Angalia mwenyewe: ingia kwenye ruta, soma anwani iliyoandikwa WAN, kisha ulinganishe na ile inayoonekana ukitafuta Google "what is my IP". Zikitofautiana, mko wengi huko juu. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, usihangaike na poti. Na hata inapowezekana mimi siungi mkono. Wezi wanazunguka mtandaoni usiku na mchana kutafuta simu zilizoachwa wazi, wakiingia wanapiga nje ya nchi kwa salio lako.

Mimi nilifanya hivi. Kwenye simu nikawasha STUN, inaiambia simu anwani yake inayoonekana nje. Nikaweka keep-alive kila sekunde 20 ili karani asinisahau. Kwenye ruta nikazima SIP ALG, hiyo inafungua barua yako na kuirekebisha, mara nyingi inaharibu. Bado sauti ikawa inakatika, nikamwomba anayenipa namba apitishe sauti yote kwenye seva yake. Hapo ndo ikatulia.

Ila kama uko peke yako na oda zako hazizidi kumi kwa siku, mimi nasema achana nayo, tumia WhatsApp Business. Yenyewe njia ya moja kwa moja ikigoma inapitisha sauti kwenye seva zake, wewe hugusi kitu. Ukitaka ya mezani, kabla hujatoa hela mwambie muuzaji aijaribu kwenye ruta YAKO, apigiwe, wakae nusu saa, apigiwe tena. Akikataa, rudi na hela yako nyumbani.

Yule mama wa Dar nilimpigia wiki iliyofuata kwa simu hiyo hiyo. Swali lake la kwanza: "Leo unanisikia?"