Kukataa kwa Adabu: Kiingereza cha Darasani na Kiswahili cha Nyumbani

Katika shule za Likoni, Kisauni na Changamwe, mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba anayekataa kitu aseme "No, thank you", na anayependelea chai kuliko soda aseme "I would rather have tea". Mafunzo hayo yana faida. Kijana atayahitaji katika hoteli za Bamburi au katika uwanja wa ndege kule Changamwe. Kasoro ni kwamba somo huanza kana kwamba mtoto amefika darasani hajui kukataa.

Anajua. Mpita njia akiwakuta watu wanakula huambiwa "Karibu", naye hujibu "Starehe", au "Alhamdulillahi, nimeshiba", hata kama tumbo lina lake la kusema. Neno "hapana" halikutamkwa, wala hakuna aliyedhani kwamba amekubali.

Brown na Levinson, katika kitabu chao cha 1987 kuhusu adabu katika lugha, walieleza kwamba tendo kama hili huutia hatarini "uso" wa mwenzi, hivyo wasemaji huutafutia kinga. Kiingereza hukimbilia "would", kikalegeza haja ya msemaji. Aidha, hukataa kwa kujidai hofu: "I'm afraid". Mtoto akitafsiri "naogopa", ataulizwa kuna simba gani. Nayo "I don't mind", ambayo kwa Mwingereza ni ridhaa, ikigeuzwa kuwa "sijali" hukaribia tusi. Kiswahili chajikinga kwa shukrani, kwa shibe na kwa jina la Mungu.

Hasara huonekana nyumbani. Kijana anapokaribishwa kaimati na nyanya yake, akajibu "Hapana, asante", ametafsiri Kiingereza sahihi bila kosa lolote la sarufi. Nyanya amesikia mlango ukifungwa. Ajabu ni kwamba wapo wanaomsifu kijana huyo kwa uwazi, na kuiita "inshallah" ya nyanya ujanja wa kukwepa jibu.

Hata hivyo, bara ya Mombasa si moja. Bandari na reli zimeileta Changamwe jamii nyingi kutoka sehemu nyingine za nchi, na si kila nyumba huko hujibu "Starehe". Ndiyo sababu mwalimu wa Kiingereza apaswa kuanza kwa swali: kwenu hukataaje? Majibu yaandikwe ubaoni kwanza, kwa Kiswahili, Kidigo au Kikamba, ndipo "No, thank you" ifuate. Nao wanafunzi wa isimujamii wayakusanye majibu hayo wangali wakiyasikia.