UFUNDI NYUMBANI: Kila Sauti na Ufunguo Wake

Siku hizi si lazima mwanafunzi asafiri hadi studio ndipo asikike redioni. Tuchukue mfano wa vijana wa shule walioko Rwekubo, kwenye eneo la makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wanaotaka kipindi chao kirushwe na kituo kilichoko Mbarara mjini. Wakiwa na kompyuta, maikrofoni na simu yenye intaneti, sauti yao yaweza kufika studioni papo hapo. Kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, kipindi cha saa moja hutumia megabaiti kati ya 30 na 40 tu.

Lakini njia impitishayo mwanafunzi yaweza kumpitisha mhuni pia. Mwezi Februari 2013, katika jimbo la Montana, Marekani, wahuni waliuingilia mtambo wa tahadhari wa kituo cha televisheni cha KRTV, wakatangaza ya kwamba maiti wanafufuka na kuwashambulia walio hai. Mara moja vituo viliagizwa vibadilishe maneno ya siri yaliyowekwa na kiwanda. Mwezi Aprili 2016, redio kadhaa za Marekani zilijikuta zikirusha maneno machafu, kwani vifaa vyao vya kupokea sauti viliachwa wazi kwenye intaneti.

Huko wengi walicheka. Nakivale, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1958, ina watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia na Rwanda. Nchini Rwanda, mwaka 1994, redio ya RTLM ilichochea mauaji ya halaiki. Miongoni mwa watu waliokimbia vita, tangazo la uongo kuhusu kabila fulani, au kuhusu chakula cha mgao, si jambo la kuchekesha hata kidogo.

Basi yafaa kituo kizingatie haya:

1. Kompyuta ya studio isiachwe wazi kwa dunia nzima. Ijengewe handaki kwa programu kama WireGuard, ambayo hailipiwi. Sauti hufungwa kwa fumbo tangu Rwekubo hadi Mbarara. Adukizaye njiani haambulii neno. Kompyuta ya mwanafunzi ndiyo ibishe hodi, na studio imfungulie yule tu imjuaye.

2. Kila mwanafunzi apewe ufunguo wake. Askari anajua kwamba bunduki hutolewa ghalani kwa jina na namba. Ufunguo mmoja ukitumiwa na darasa zima, siku ya kosa hapatakuwa na wa kuulizwa.

3. Ufunguo ufungue njia ya sauti peke yake, usifike kwenye hesabu za kituo wala kwenye mtambo wa kurushia. Aidha, mtangazaji wa zamu aisikilize sauti kabla haijaenda hewani, naye awe na uwezo wa kuikata.

4. Mwanafunzi akimaliza masomo au akihama, ufunguo wake ufutwe siku hiyo hiyo.

5. Pawepo na njia ya akiba. Mwezi Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilifungwa Uganda nzima kwa siku kama tano. Kipindi kilichorekodiwa mapema kikapelekwa Mbarara kwa gari hakikatizwi na jambo hilo.

Kadhalika, kabla ya kuanza, kituo kihakikishe kwamba kibali chake kutoka Tume ya Mawasiliano ya Uganda kinaruhusu mpango huo, maana handaki kama hizi zimewahi kuzuiwa nyakati za uchaguzi.

Neno la mwisho ni kwenu, wazazi. Mara nyingi ufunguo huo hukaa ndani ya simu ya nyumbani. Msiiuze simu hiyo, wala msiipeleke kwa fundi, kabla kituo hakijaufuta. Ikiibiwa, kituo kiarifiwe kabla jua halijatua. Kufuta ufunguo ni kazi ya dakika chache. Kuyarudisha maneno yaliyokwisha kusikika makambini hakuna awezaye.