Kijana asiyeona akiomba bisibisi

Kijana asiyeona anaposema anataka kuongeza RAM kwenye kompyuta yake mpakato, mzazi hujibu haraka: “Acha, tutampelekea fundi.” Jibu hilo linatokana na upendo. Hata hivyo, kazi hii ni ya vidole kuliko macho, na kijana mwenye mikono mitulivu anaiweza.

Haja yake ni ya kweli. Asiyeona hutumia kompyuta kwa kusikiliza, kupitia programu kama NVDA, inayotolewa bure. Ilianza kuandikwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 ikizidiwa, sauti hukwama, naye hajui kama mashine inafanya kazi au imeganda.

Kabla ya kutoa fedha, hakikisheni mambo mawili. Kwanza, je, RAM inabadilishika? Kwenye kompyuta kama MacBook Air imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi. Pili, ni ya aina gani? DDR3 haiingii mahali pa DDR4.

Siku ya kazi, kijana azime kabisa kompyuta, achomoe chaji na kutoa betri. Betri ikiwa ndani, akishafungua mfuniko achomoe kwanza plagi yake kwenye bodi. Aguse kitu cha chuma ili kuondoa umeme tuli mwilini. Skrubu azipange kwenye trei ya mayai kwa mfuatano wa kuzitoa, kwa kuwa urefu wake hutofautiana.

RAM ya zamani hushikwa na vibano viwili pembeni. Akivisukuma nje, inainuka yenyewe. Ile mpya aishike kingo, asipapase meno yake. Kwa ukucha atafute pengo dogo lililo kando ya katikati. Hilo ndilo linaloonyesha upande wa kuingizia. Aisukume kwa mlalo hadi mwisho, kisha aigandamize chini mpaka vibano vyote viwili vilie “tak”.

Macho ya mzazi yanahitajika mahali pawili tu: kusoma lebo ya RAM, na kutazama skrini mara ya kwanza kompyuta inapowashwa. Baadhi ya kompyuta hutoa ujumbe kwamba kumbukumbu imebadilika, kisha husubiri kitufe kibonyezwe, wakati programu ya sauti bado haijaamka. Msomee. Skrini ikibaki tupu, msimlaumu. Mara nyingi RAM haijaingia hadi mwisho. Azime, achomoe betri tena, airudishie.

Kwingine kote mzazi akae karibu, aseme anapoulizwa. Skrubu ikianguka, amwache kijana aitafute kwanza. Siku kompyuta itakapomharibikia akiwa chuoni, mbali na nyumbani, atajua pa kuanzia.