Nani ataona?

Ndugu msomaji, kwanza naomba radhi kwa ukimya. Majuma matatu sijaandika kitu hapa. Sikuwa safarini, sikuumwa, na wala sijafukuzwa kazi kama mmoja wenu alivyoniuliza. Nilikuwa naunda ndege.

Ndiyo, ndege. Piaggio P.149D, ndege ndogo ya kufundishia urubani iliyobuniwa Italia, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1953. Ndege halisi ina mita 11.12 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine. Yangu ni ya kipimo cha 1/72, kwa hiyo ina sentimita 15 na nusu hivi. Ni fupi kuliko penseli mpya. Imetengenezwa kwa resini, na hadi leo bado haijaisha.

Jamaa yangu ninayepanga naye nyumba aliniangalia siku ya kwanza nikiwa nimeinamia meza na wembe, akacheka hadi akakaa chini. "Mtu mzima, mwandishi wa habari, unachezea vidoli?" Sikumjibu. Nilikuwa nimebana pumzi, kipande kisiruke. Leo namjibu hapa, tena hadharani.

Nianze na hii resini yenyewe, maana wengi mmezoea modeli za plastiki, zile vipande vyake vimeshikamana kwenye fremu kama majani kwenye kuti. Vile vya plastiki vinatoka kwenye kalibu za chuma. Kuchonga kalibu ya chuma ni gharama kubwa, lakini ikishakuwa tayari inatema vipande maelfu kwa maelfu. Resini ni jambo jingine. Ni vimiminika viwili, unavichanganya, unamimina kwenye kalibu ya silikoni, baada ya muda mfupi vinaganda na kuwa vigumu kama mfupa. Kalibu ya silikoni mtu anaweza kuitengeneza mezani kwake nyumbani. Ubaya wake inachoka upesi. Ukimimina mara kadhaa inaanza kuchanika, inabidi utengeneze nyingine.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Mwenye kiwanda atachonga chuma kwa ajili ya ndege ya mafunzo ambayo haikupiga bomu mahali wala haikuigizwa kwenye sinema? Hachongi. Atachonga Spitfire nyingine. Ndiyo maana maduka yamejaa Spitfire, Messerschmitt na Mustang, wakati ndege ambazo marubani walijifunzia kushika usukani mara nyingi utazipata kwa mtu mmoja mwenye silikoni na uvumilivu. Mimi naandika kwa Kiswahili, hii habari ya kuambiwa soko ni dogo naijua vizuri. Nilipoliona lile kasha nilimpenda mtu yule kabla sijajua jina lake.

Mapenzi yalipungua nilipolifungua. Bawa la kushoto lilikuwa limepinda kama ndizi. Mwili wa ndege una vitundu vya hewa, vingine vidogo kama ncha ya sindano, kimoja kikubwa pale pale mahali pa kuonekana. Kila kipande kimeota kisiki mahali resini ilipomiminiwa, na kisiki hicho unakikata mwenyewe kwa msumeno mdogo, polepole, usije ukaondoka na kipande chenyewe. Maelekezo ni karatasi moja yenye mchoro. Basi.

Niliyojifunza nawapeni bure. Kabla ya yote osha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana vinatoka kwenye kalibu vikiwa na utelezi, na rangi haishiki juu ya utelezi. Bawa lililopinda lichovye kwenye maji ya moto, linyooshe kwa vidole taratibu, kisha litie kwenye maji baridi likiwa limenyooka. La kwangu lilikubali mara ya tatu. Gundi ya modeli za plastiki hapa haina kazi. Ile inashika kwa kuyeyusha plastiki, na resini haiyeyuki. Unatumia supaglu, na supaglu haikupi nafasi ya kufikiri mara mbili. Nimeshagundisha kidole changu kwenye mkia wa ndege. Vitundu nimeviziba kwa supaglu hiyo hiyo na poda ya watoto.

Hili la vumbi naomba mlisome vizuri. Vumbi la resini ni jembamba sana na si zuri kwa mapafu. Msasa tumia ule wa maji, kipande kikiwa kimelowa, vaa barakoa, futa meza kwa kitambaa kibichi, na usifanyie kazi hii kwenye chumba wanacholala watoto. Niliona uvivu wa barakoa siku moja tu, nikakohoa usiku mzima.

Haya, sasa tufike kwenye ugomvi.

P.149D ina viti vinne, na rubani wa ziada anaweza kubanwa akatosha. Viti viwili vya mbele vinakaa bega kwa bega, mwanafunzi na mwalimu, na kila mmoja ana usukani wake. Mwanafunzi akishikwa na kiwewe, mwalimu anaichukua ndege bila kumwomba apishe. Kwenye kasha langu usukani ulikuwa mmoja. Wa pili ama ulivunjika ukapotea ama haukumiminwa kabisa. Ni kitu cha milimita chache. Nilichuna waya wa umeme, nikatoa uzi mmoja wa shaba, nikaanza kuupinda kwa koleo la kutolea miiba. Jioni ya kwanza niliharibu nyuzi tisa. Jioni ya pili jamaa yangu akaja na chai, akauliza nafanya nini, nikamweleza.

"Kwani juu yake kunakuja kioo?"

"Kinakuja."

"Na ndani umepaka nyeusi?"

"Nyeusi."

"Sasa nani ataona?"

Nilinyamaza, lakini moyoni nilikasirika kuliko kitu chenyewe kilivyostahili, na baadaye nikajua kwa nini. Maneno hayo nimewahi kuyasikia.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kuandika habari ya ajali ya barabarani. Habari ndogo, aya nne, ukurasa wa ndani. Niliandika majina ya marehemu haraka haraka pale hospitali, na jina moja nikawa na wasiwasi nalo, kama ni Mwanaidi au Mwanahawa, mwandiko wangu mwenyewe ulikuwa umenishinda. Nikasema nipige simu kuhakikisha. Mkubwa mmoja katika chumba cha habari, sitamtaja wala sitalitaja gazeti, akaniambia ukurasa unafungwa, weka moja, ni aya ya nne ile, nani ataona? Nikaweka moja. Siku mbili baadaye mama mmoja alikuja ofisini na gazeti amelikunja vizuri ndani ya khanga. Hakupiga kelele. Alitaka tu kujua huyo tuliyemwandika ni nani, kwa sababu mtoto wake hakuitwa hivyo, na hiyo ndiyo mara pekee mwanawe aliandikwa gazetini. Tulitoa masahihisho, sentensi moja. Huyo mama naye sijui kama aliyaona.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la nani ataona ni kwamba aliyepo ataona. Mwenye jina ataona. Na kwenye ndege hii mwenye jina ni usukani wa pili. Uondoe, unabaki na ndege ya kawaida ya kubeba watu wanne kwenda harusini. Ule waya ndio unaoifanya kuwa shule. Mtu anayesema haijalishi, kwa maoni yangu, hajui anaangalia nini.

Na kuna sababu nyingine, hii inatuhusu sisi Watanzania moja kwa moja. Sikuichagua P.149D kwa sura yake, maana kwa kweli si nzuri sana, ina pua nene na kioo kikubwa mgongoni. Niliichagua kwa sababu ndege za aina hii zilikuwa miongoni mwa za mwanzo za kikosi chetu cha anga. Zilitoka Ujerumani Magharibi, ambako kiwanda cha Focke-Wulf kilizitengeneza kwa leseni na jeshi lao la anga likazitumia kwa mafunzo.

Kumbukeni wakati wenyewe. Januari 1964 jeshi la Tanganyika liliasi, likavunjwa. Aprili ukaja Muungano. Septemba mwaka huo likaundwa jeshi jipya, JWTZ, na Ujerumani Magharibi ikakubali kusaidia upande wa anga. Lakini Zanzibar baada ya Mapinduzi ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki, na kwa Bonn hiyo ilikuwa dhambi isiyosameheka. Msimamo wao ulikuwa kwamba nchi ikiitambua Berlin Mashariki, urafiki umekwisha. Nyerere akatafuta njia ya katikati: ubalozi wa Zanzibar usiwepo, ila Ujerumani Mashariki iwe na konseli Dar es Salaam. Bonn hawakuridhika. Februari 1965 wakaondoa wakufunzi wao wa kijeshi. Nyerere naye akawaambia kama msaada ni kamba ya kumvutia, wachukue na uliobaki.

Basi fikiria wale vijana wa Kitanzania waliokuwa wameanza kujifunza kuruka. Mwalimu aliyekuwa kiti cha pili jana, leo yuko uwanja wa ndege na sanduku lake. Hakuna kosa lililofanywa angani. Kosa, kama lilikuwepo, lilikuwa kwenye makaratasi ya mabalozi.

Baadaye mwaka huo huo wakaja Wakanada, wakaleta Otter na Caribou, wakafundisha hadi mwaka 1970. Nao walikaa kiti cha pili. Sisemi hivi kwa ubaya. Mtu hajifunzi kuruka peke yake kwa kusoma kitabu, lazima kuwe na mwenye usukani mwingine. Ila ni vizuri kujua uko mikononi mwa nani, na kwamba anaweza kuitwa kwao kwa sababu isiyokuhusu. Azimio la Arusha liliposema mwaka 1967 kwamba kutegemea misaada ya nje kunahatarisha uhuru, lilisema jambo ambalo nchi ilikuwa imeshaliona kwa macho.

Hadithi hii shuleni nilifundishwa kwa mistari miwili, na hakuna mstari uliotaja ndege. Tuna tabia ya kukumbuka vilivyo vikubwa: hotuba, vita, mkutano, mwenge. Ndege ya mafunzo haikuingia. Watoto wetu wanaweza kukutajia Spitfire kwa sababu ya michezo ya kompyuta, lakini Piaggio hawajawahi kuisikia. Sidhani kama kosa ni lao. Hakuna aliyewawekea mezani. Ningekuwa na uwezo, kila shule yenye somo la historia ingekuwa na kabati la vitu vidogo vya namna hii, vilivyoundwa na wanafunzi wenyewe kwa resini, mbao, hata udongo. Mtoto aliyepinda usukani wa pili kwa mikono yake hatahitaji kukaririshwa kilichotokea mwaka 1965.

Wapo watakaosema pesa ziko wapi, tuna madawati ya kutosha kwanza? Sawa, nakubali, madawati kwanza. Lakini msasa na udongo havijawahi kumnyima mtoto dawati.

Nimalizie na pua. P.149D inasimama kwa gurudumu la mbele na mawili chini ya mabawa. Resini ni nzito, na uzito mwingi wa modeli uko nyuma, kwa hiyo usipotia kitu puani, ndege inakaa kwa mkia kama mbwa anayesubiri mfupa. Nilikwenda Feri kutafuta chubwi ndogo kabisa. Muuzaji akaniuliza navua samaki gani. Nikamwambia sivui, ni za ndege. Akanitazama, akamtazama mwenzake, akanipunguzia bei, nadhani kwa huruma.

Nilitia mbili, ikakaa kwa mkia. Nikatia ya tatu, ikayumba. Ya nne nilibidi niiponde kwa nyundo iwe bapa ndipo iingie. Sasa imesimama. Rangi ya msingi imekauka tangu juzi na imenionyesha vitundu viwili nilivyodhani nimeviziba, kwa hiyo msasa unaendelea. Nembo zilizokuja kwenye kasha ni misalaba ya Kijerumani. Za kwetu nitazichora mwenyewe, na rangi ya kijani bado sijaipatia.

Jana usiku jamaa yangu alikuja tena mezani. Akainama, akafumba jicho moja, akachungulia kupitia kioo kwa muda mrefu. Kisha akaomba aishike. Nikamwambia akanawe mikono kwanza.